Muulize Mama Katekista: Siku arobaini zinazofika arobaini na sita

Kwaresima ikikaribia, barua huniletea kazi. Nyingi mwaka huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nile nini, nisile nini. Nimejibu chache za aina hiyo, nyingine nimeziweka kando maana zinafanana kama mapacha. Barua ya mwisho hapa chini ndiyo iliyonikalisha kitako kuliko zote. Msiirukie, nayo msiikimbilie.

Shikamoo Mama Katekista. Tunafundishwa kwamba Kwaresima ni siku 40. Nimechukua kalenda ya 2026, nikahesabu kuanzia Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, hadi Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili. Nimerudia mara tatu napata 46. Nani kakosea? (Mwalimu wa hesabu)

Marahaba, Mwalimu. Hujakosea. Februari inakupa siku 11, Machi 31, Aprili 4.

Swali lako limenikumbusha aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha katekisimu, mvulana wa miaka 12 alisimama katikati ya somo na kalenda ya ukutani mikononi (aliing'oa wapi sijui mpaka leo) akaniambia, "Mwalimu, ni arobaini na sita." Nikamwambia akae chini, mambo ya Mungu hayahesabiwi kwa vidole. Hilo halikuwa jibu, kilikuwa kiburi cha mtu asiyejua. Jioni nilikwenda kumuuliza padre, na Jumamosi iliyofuata nikamwomba yule mtoto radhi mbele ya wenzake.

Jibu lenyewe ni Jumapili. Kati ya Jumatano ya Majivu na Pasaka zipo Jumapili sita, na Jumapili haifungwi, maana kila Jumapili ni siku ya Ufufuko. Toa sita kwenye 46, unabaki na 40. Zamani Jumatano haikuwemo. Watu walianza Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, wakapata majuma sita, na ukiondoa Jumapili zake unabaki na siku 36 za kufunga. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia 590 hadi 604, aliziona siku hizo 36 kuwa kama zaka ya mwaka, fungu la kumi la siku 365. Baadaye zikaongezwa siku nne mbele ili arobaini itimie, ndipo tukapata Jumatano. Jimbo la Milano, lenye liturujia yake ya kale, halikuzikubali siku hizo nne. Wao huanza Jumapili hadi leo.

Waorthodoksi wanapiga hesabu nyingine. Wanaanza Jumatatu, wanahesabu mfululizo pamoja na Jumapili, na arobaini yao inaishia Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi. Juma Kuu kwao ni mfungo mwingine unaofuata. Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga siku 55. Na sisi wa kalenda ya Kirumi, ukitaka kunibana zaidi, Kwaresima yetu inakoma Alhamisi Kuu jioni inapoanza Misa ya Karamu ya Bwana. Kwa hiyo mwanafunzi wako akileta 44, naye mpe alama.

Arobaini ilikuwa jina kabla ya kuwa hesabu. Neno lenyewe Kwaresima limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini". Ni siku za Musa mlimani, za Eliya akitembea kuelekea Horebu, za Yesu jangwani. Watu waliipenda namba hiyo kwanza, kisha wakahangaika kuitoshea kwenye kalenda.

Mama, nilipakwa majivu alfajiri, nikayafuta kabla ya kuingia kazini. Niliona haya. Rafiki yangu anasema nimemkana Kristo kama Petro. (Niliyefuta)

Rafiki yako ana haraka ya kuwapeleka wenzake uani kwa kuhani mkuu.

Umesikiliza Injili iliyosomwa asubuhi ile? Ni Mathayo sura ya 6: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Kanisa linatusomea tunawe uso, halafu dakika chache baadaye linatupaka majivu usoni. Nimeusikia mgongano huo miaka thelathini na sijautatua, wala siku hizi sitaki kuutatua. Hakuna sheria inayosema majivu yakae mpaka jioni. Wapo Wakristo, Waitalia kwa mfano, ambao hunyunyiziwa utosini badala ya kupakwa kwenye paji la uso, na nywele zikishafunika hakuna ajuaye.

Ninachokuuliza ni kimoja: ulifuta ili usionekane unajionyesha, au ili wasijue wewe ni wa nani? La kwanza ni Injili. La pili lilete kwenye sala yako, halina haja ya kelele za rafiki.

Na kwa kuwa umetaja majivu, nipe nafasi nijisifu kidogo. Kwa miaka kumi na tano mimi ndiye niliyekuwa nayaandaa. Yanatoka kwenye matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale tuliyoyapunga tukiimba Hosana. Tawi lisilokauka vizuri hutoa moshi mwingi na masizi ya kunata, kwa hiyo nilikuwa nawadai watu matawi yao wiki tatu kabla. Unachoma, unaacha yapoe kabisa, unasaga, unachekecha kwa chujio jembamba. Na maji usimwagie mengi, majivu yaliyoloa huwasha ngozi. Padre akisema "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi", nilikuwa najua mavumbi yale yalikuwa Hosana ya nani.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mpentekoste. Kila mwaka ananiambia neno Kwaresima halimo kwenye Biblia, ni mapokeo ya wanadamu. Tunagombana mezani mpaka Pasaka. Nimjibu nini? (Mke mwenye njaa na hasira)

Milele amina. Anza kwa kumkubalia, maana kasema kweli: neno hilo halimo, wala hakuna aya inayoamuru siku arobaini. Kufunga kwenyewe kumo. Bwana alisema siku zinakuja bwana arusi atakapoondolewa, ndipo watakapofunga. Wakristo wa Antiokia walikuwa wakifunga na kuomba walipowatuma Barnaba na Sauli. Mumeo mwenyewe nadhani hufunga na kuomba kanisani kwao, tena pengine kwa ukali kukuzidi wewe.

Kwa hiyo ugomvi wenu unahusu kalenda, na ugomvi wa kalenda ni wa zamani sana. Mwishoni mwa karne ya 2, Irenei, askofu wa Lyon, alimwandikia Papa Vikta kuhusu Wakristo waliotofautiana katika mfungo wa kabla ya Pasaka. Wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na wengine saa arobaini mfululizo. Halafu akaongeza neno ambalo ningependa ulibandike jikoni: kutofautiana kwetu katika kufunga kunathibitisha kwamba imani yetu ni moja. Aliishi karibu kabisa na Mitume kuliko mimi na mumeo.

Baadaye watu walipigana kweli. Mwaka 1522, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, wanaume kadhaa walikutana nyumbani kwa Froschauer, mchapaji vitabu wa mji wa Zurich, wakakata soseji wakala, makusudi kabisa. Mchungaji Zwingli alikuwapo, hakula, lakini wiki mbili baadaye alipanda mimbarani kuwatetea: Mkristo yu huru kuchagua chakula. Matengenezo ya Kanisa katika mji huo yalianzia kwenye soseji hizo. Na mimi Mkatoliki nakiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Mfungo unaosimamiwa na polisi si mfungo.

Lakini si waliojitenga wote walioitupa Kwaresima. Baba yangu alikuwa Mlutheri, mama Mkatoliki, kwa hiyo meza yenu naijua. Luther aliandika katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 kwamba kufunga ni maandalizi mazuri ya nje, ila anayestahili meza ya Bwana ni yule mwenye imani. Baba aliishika sentensi hiyo. Hakuacha nyama hata siku moja, ila Ijumaa Kuu nyumba nzima ilikuwa haisikii sauti yake. Mama alifunga kila kitu na kunung'unika tangu asubuhi hadi usiku. Mimi nikiwa mtoto nilijua vizuri ni nani kati yao aliyekuwa kwenye Kwaresima.

Kwa hiyo usimjibu kitu. Mpikie kama kawaida, funga kimya, usimtazame anavyokula. Soma Warumi 14, sura nzima, peke yako. Na ile hasira uliyoitia sahihi, anza kufunga hiyo.

Mama yangu ana miaka 74 na kisukari. Hataki kusikia kwamba asifunge. Mwaka jana alianguka Ijumaa Kuu. Sheria inasemaje? (Binti yake)

Sheria inamtetea kuliko anavyodhani. Katika Kanisa Katoliki siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili, na vidogo viwili ambavyo ukivijumlisha havifikii huo mmoja. Kunambana mtu kuanzia anapotimiza miaka 18 hadi anapotimiza 59. Mama yako alishafunguliwa zamani. Kutokula nyama siku za Ijumaa kunaanzia miaka 14 na hakuna ukomo wa umri, lakini mgonjwa huachiliwa yote akihitaji. Ya dawa na milo mwachieni daktari wake.

Ila sheria haitamshawishi, najua. Mtu aliyefunga miaka hamsini ukimwambia "wewe umesamehewa" anasikia "wewe huhesabiki tena". Mwaka niliofanyiwa upasuaji nilikatazwa kufunga, nikajiona kama mtoto aliyeachwa nje ya mchezo. Muungamishi wangu akanipa kazi: kila siku saa ileile ambayo ningekuwa nashinda njaa, nikakae nusu saa na mgonjwa mmoja asiyetembelewa. Nilidhani ni rahisi. Yule bibi alikuwa anasimulia kisa kimoja, kilekile, kila siku. Siku ya nane nilitamani njaa.

Usimnyang'anye mfungo mikono mitupu. Mtafutie mtu wa kumsikiliza, au umwombe yeye aongoze Njia ya Msalaba nyumbani kila Ijumaa, wajukuu wote wakiwa wamekaa. Mwambie ale kwanza, asije akaanguka kituo cha tatu.

Je, Jumapili naweza kula nilichoacha?

Naam. Lakini kama Jumapili unakula vya siku sita kwa pamoja, huko ni kulipa deni.

Mama, nimeacha mitandao ya kijamii Kwaresima hii. Nilitangaza uamuzi wangu hukohuko, na sasa kila saa natamani kuingia nione watu walisemaje.

Mwanangu, walisema "hongera". Sasa endelea.

Mimi ni mkatekumeni, nitabatizwa mkesha wa Pasaka. Wenzangu waliobatizwa wachanga wanaongea kuhusu walichoacha: sukari, nyama, pombe. Mimi nasoma na kuhudhuria mafundisho tu. Najiona kama mgeni kwenye Kwaresima ya wenyewe. (Mgeni)

Kinyume chake, mpenzi wangu. Sisi ndio tumekuja kwenye Kwaresima yako.

Karne za kwanza watu wengi walibatizwa wakiwa wazima, na usiku wao ulikuwa usiku wa Pasaka. Majuma ya kabla yake yalikuwa ya kuwaandaa: mafundisho, kufunga, kuombewa. Waliokwisha kubatizwa walifunga ili wasiwaache peke yao, na waliokuwa wametengwa kwa dhambi nzito walifanya toba yao katika siku hizo. Mwishoni mwa karne ya 4 mwanamke mmoja msafiri aitwaye Egeria alikwenda Yerusalemu, akaandika barua kuwasimulia dada zake aliyoyaona. Mwanzo wa Kwaresima askofu aliketi, wanaotaka ubatizo wakaletwa mmoja mmoja, naye akawauliza majirani: huyu anaishi vizuri? Anawaheshimu wazazi? Si mlevi? Majirani wakiridhia, askofu aliandika jina la mtu huyo kwa mkono wake mwenyewe. Asiye na ushahidi mwema aliambiwa atoke, ajirekebishe, kisha arudi.

Halafu kila siku saa tatu za mafundisho. Ukichoka na kipindi chako cha saa moja na nusu, mkumbuke Egeria.

Sikiliza pia Injili za Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano: mwanamke Msamaria na kisima, kipofu tangu kuzaliwa, Lazaro. Maji, mwanga, uzima. Zimepangwa hivyo kwa ajili yako, na siku hizo jamii nzima inakuombea kwa jina. Nilikuwa nasimama nyuma ya wakatekumeni wangu Jumapili hizo, na kila mwaka kuna mmoja ambaye mabega yake yalitetemeka. Sisi tunaacha sukari kwenye chai tukisahau tulikokuwa tunakwenda. Ninyi mnakwenda majini. Ukiulizwa umeacha nini, waambie unaacha maisha ya zamani, wao waendelee na sukari.

Mama, sina swali la chakula. Mimi na kaka yangu hatujasemezana mwaka wa tisa sasa, tangu tulipogawana vitu vya marehemu baba. Kwaresima nafunga yote, na Ijumaa hata maji sinywi mpaka jioni. Juzi mke wangu kaniambia, "Unafunga kwa nguvu kweli. Ungemsamehe kaka yako kwa nguvu hiyo." Nilikasirika sana, kisha nikakuandikia. (Usitaje hata herufi ya jina langu)

Sitaitaja. Mshukuru mkeo.

Nitakuambia jambo nililolijua nikiwa nimeshazeeka. Maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325, waliandika kanuni ishirini. Ya tano inahusu watu waliotengwa na maaskofu wao, pengine kwa ugomvi tu au roho ndogo. Wakaagiza kila jimbo lifanye vikao viwili kwa mwaka kuchunguza kesi hizo, na kikao cha kwanza kifanyike kabla ya "arobaini", ili kinyongo chote kiondolewe na zawadi safi itolewe kwa Mungu. Hapo ndipo siku arobaini zinapotajwa mapema kabisa katika mtaguso mkubwa wa Kanisa. Hazitajwi kwa habari ya nyama wala maji. Zinatajwa kwa habari ya watu waliokosana.

Wakristo wa Mashariki wameliweka hilo kwenye ibada. Jioni ya Jumapili kabla mfungo haujaanza wanasimama kanisani, kila mmoja anamwinamia mwenzake na kusema, nisamehe. Padre anawainamia waumini. Mke anamwinamia mume. Ndipo wanafunga. Na Isaya aliwaambia wafungaji wa zamani zake: "Tazama, ninyi mwafunga mpate kushindana na kugombana."

Mimi na dada yangu tulinuniana miaka minne kwa ajili ya cherehani ya mama. Nilikuwa nafundisha watoto Baba Yetu wakati huo, ile sehemu ya "kama sisi nasi tuwasameheavyo" nikiipita mbiombio. Jumanne moja ya Kwaresima nilikwenda kwake bila taarifa. Hakuwepo. Nikakaa mlangoni saa mbili, na mara mbili nilinyanyuka niondoke. Aliporudi alinitazama, akasema, "Umekonda." Nikasema, "Ni Kwaresima." Akafungua mlango. Siku hiyo hakuna aliyesema samahani, tulisema miezi kadhaa baadaye, kila mtu kwa njia yake. Cherehani ilikwisha kuharibika zamani.

Kwa hiyo, kwa uzoefu huo mdogo: usianze na vitu vya baba. Hivyo vina wazee wa ukoo, vina wakati wake, na kusamehe hakukufuti haki yako kama unayo. Usimwambie "nimekusamehe", maana huenda yeye anaamini wewe ndiye mkosaji, na pengine ana sababu. Muulize hali yake. Akikata simu, umejaribu mara moja, na Kwaresima ina majuma sita. Akiikataa hata Pasaka, sadaka yako ipeleke madhabahuni, lakini ukiwa umeshatoka kwenda kwake kwanza, kama Bwana alivyosema katika Mathayo 5.

Mpigie Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku yako ngumu. Na maji siku hiyo kunywa, koo likikauka hutaweza kuongea.